Mwenyekiti, Kabla ya Miavuli Naomba Ndoo

Ndugu mwenyekiti, ajenda namba moja ya ukarabati wa bwawa la mtaa ni rangi ya miavuli. Miavuli! Bwawa linashuka sentimita 2 kwa siku, wajumbe wazima tunabishania bluu ya bahari na bluu ya mbinguni. Halafu mtu anajibu kwa kujiamini kabisa: "Ah, hilo ni jua la Dar tu." Jua gani hilo? Jua la pwani, hata likiwa na hasira, hunywa kama milimita 5 kwa siku. Hizo 15 zinazobaki anakunywa nani?

Tupige hesabu, na mama mweka hazina asitoroke. Bwawa ni mita 25 kwa 12.5, basi kila sentimita inayoshuka ni lita 3,125. Ukishampa jua haki yake, lita kama 4,700 zinazama ardhini kila siku. Kwa mwezi ni maboza 14 ya lita 10,000. Tunanywesha udongo, wakati ukoka wa bustani hapo pembeni umekauka kama ufagio wa chelewa.

Ndiyo maana nasema ndoo. Ijaze maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya kwanza, usawa wa maji ya ndani na ya nje ulingane. Chora mstari ndani ya ndoo na mwingine ukutani. Saa 24 asiogelee mtu, hata mtoto wa mwenyekiti. Maji ya nje yakishuka kuliko ya ndoo, linavuja, basi, hakuna cha jua. Siku ya kwanza pampu iwake, ya pili izimwe. Likivuja zaidi pampu ikiwaka, shuku bomba linalorudisha maji. Likivuja sawasawa siku zote mbili, angalia nyufa, taa na pale bomba linapopita kwenye zege. Gharama yote ni ndoo na kalamu. Lakini tumeshaomba nukuu tatu za bei ya marumaru.

Na hizo nukuu, jamani! Fundi mmoja kaandika marumaru za mita za mraba 312.5. Hiyo ni sakafu. Kuta je, atazipaka mate? Mzunguko ni mita 75, kina cha wastani mita 1.5, kwa hiyo kuta zinaongeza 112.5. Jumla 425, na asilimia 10 ya zitakazovunjika na kukatwa, unafika 468. Huyo ndiye "mzabuni nafuu" wetu. Unafuu wake utaisha kazi ikifika nusu, atarudi na karatasi imeandikwa "kazi ya nyongeza".

Mwingine kaweka saruji ya kawaida ya kubandikia marumaru za sebuleni. Hiyo ndani ya bwawa inaachia, na marumaru zinaanza kulia ko-ko-ko ukizigonga. Inatakiwa gundi ya majini, na chini yake tabaka la kuzuia maji. Kabla ya kubandika hata moja, bwawa linajazwa kupima kama tabaka limeshika, kisha linamwagwa. Bwawa hili linameza lita 469,000, yaani maboza 47. Jaza kupima, 47. Jaza kuogelea, 47 mengine. Nimepekua bajeti mbele na nyuma: maji hayamo. Miavuli imo.

Mjumbe mwenye haraka anataka likaushwe wiki ijayo, katikati ya masika. Mheshimiwa, bwawa tupu la zege kwenye ardhi iliyolowa ni mtumbwi. Maji ya chini yakipanda yanalisukuma juu, linapasuka, mabomba yanakatika, na hapo tutakuwa na bajeti ya bwawa jipya. Chimba shimo pembeni, tazama maji ya ardhini yako kina gani, halafu subiri kiangazi, Juni hadi Septemba. Haraka hiyo apelekee harusi.

Tena kuna wa "tununue pampu kubwa." Kubwa kiasi gani? Maji yote yazunguke kwa saa 6, ni mita za ujazo 78 kwa saa. Ukisukuma kuliko uwezo wa filta, uchafu unapenya mchanga na kurudi bwawani kuwasalimia waogeleaji. Na Luku je? Kilowati 5.5 kwa saa 12 ni yuniti 66 kwa siku, karibu 2,000 kwa mwezi, pampu peke yake! Mchanga wa filta nao hubadilishwa kila miaka 5 hadi 7, tena uliochekechwa kwa ukubwa maalumu. Sio ule uliobaki kwa jirani anayejenga, mlioutaja mkidhani sisikii.

Hapa sitanii: matundu ya kunyonya maji chini ya bwawa yawe mawili, yaliyoachana, yenye vifuniko vizima. Likiwa moja, mwili au nywele za mtoto zikiliziba, pampu haiachii. Hilo halisubiri kiangazi.

Bustani? Bembea zitolewe kwenye zege, ziwekwe juu ya mchanga laini wa sentimita 30. Na ule mti wa mfikusi ulio mita mbili kutoka kwenye bomba, mizizi yake haijui kikao. Ikipata kiungo kinachovujisha, inaingia na kupanga. Benchi zingojee.

Na hizo namba za mwisho, mama, uliza kama VAT imo ndani, isije ile asilimia 18 ikabisha hodi kama shemeji usiku wa manane. Weka asilimia 15 ya dharura, maana chini ya marumaru kuukuu hakuna anayejua kuna nini, na fundi anayejua hasemi mpaka abomoe. Mzuilie asilimia 10 ya malipo miezi 6, uone kama simu yake itaendelea kupatikana.

Sasa tunaomba ndoo. Kimya? Mtaa mzima hakuna ndoo? Ipo, ile anayokalia mlinzi pale getini. Mwambieni asimame kidogo. Ni saa 24 tu. Basi, mara mbili.