Gari Langu, Faini ya Mwalimu

Kampala hii ukimwambia mtu umepigwa faini ya mwendo kasi, hakupi pole. Anakuuliza nafasi ya kukimbia uliipata wapi. Fundi wangu wa Katwe alinisogelea kabisa, akashusha sauti: "Bosi, barabara gani hiyo? Saa ngapi?" Anataka na yeye apite huko. Mji huu ambao kutoka Wandegeya mpaka Clock Tower unaweza kula roleksi mbili, zile chapati za kuviringishwa na mayai, na kumaliza gazeti zima kabla gurudumu halijazunguka, mimi ndiye nimeonekana mtu mwenye haraka.

Barabara yenyewe ni ya Jinja, Jumapili asubuhi, wenye dini wako ibadani na wasio na dini bado wamelala. Kamera inasema nilikuwa kwenye 41 mahali pa 30. Faini, shilingi 200,000. Sasa sikiliza hesabu ya wakati ule: ukizidisha mwendo kwa chini ya kilomita 30, ilikuwa laki mbili; ukizidi hapo, laki sita. Maana yake mimi wa 41 na yule kichaa wa 59 tumetiwa kapu moja. Ningejua, ningekanyaga mpaka 59 nikaila pesa yangu yote. Nimelipishwa sufuria nzima nikaonja kijiko.

Zilikuwa zile siku za mwanzo za Juni 2025, kamera zilipoanza kutoa tiketi zenyewe, kabla kelele za watu hazijazidi mpaka serikali ikausimamisha mfumo kwanza. Mimi nikawa kwenye kundi la mwanzo. Vitu vya bure vikigawiwa, sijawahi kuwa kwenye kundi la mwanzo.

Zamani ukisimamishwa, kuna binadamu. Unashusha kioo, "Shikamoo afande." Mimi baba yangu alikuwa mwanajeshi, Kiswahili nimekinywa kambini pamoja na chai, kwa hiyo afande akisikia lafudhi anaanza kuniuliza mzee wangu alikuwa kikosi gani. Mnazungumza. Unamweleza shangazi yuko hospitali ya Mulago. Anakuonya, anakuambia nenda polepole mzee, unakwenda. Kamera utaisalimia vipi? Inakupiga picha ya mgongo kama mtu anayekusengenya, halafu inanyamaza, inapeleka habari kwa mwenye gari.

Na hapo ndipo penye balaa. Mwenye gari si mimi.

Gari ni langu, msinielewe vibaya. Nimelinunua, nimelipia, nimelibadilishia shoku zote nne. Lakini logbuku, kile kitabu cha umiliki wa gari, ina jina la Mwalimu, mwalimu mkuu mstaafu wa kule Mbale, aliyeniuzia. Uganda hii nusu ya magari ninayoyajua yanaendeshwa na mtu mmoja na kuitwa jina la mwingine, na hakuna aliyekosa usingizi. Kuhamisha jina kuna fomu, kuna malipo, kuna picha za pasipoti, kuna kumtafuta mwuzaji asaini. Mwalimu kila nikimpigia yuko shambani na kahawa yake, mlimani, mtandao unakatika. Siku ya faini mtandao haukukatika.

"Kijana wangu." Akiniita hivyo najua kuna jambo. "Nimeletewa ujumbe. Mimi, miaka yote niliyofundisha, sijawahi kuitwa hata na mwenyekiti wa kijiji. Leo serikali inaniandikia kwamba nakimbiza gari Kampala. Mimi ninayetembea na mkongojo!"

Nikamwambia, Mwalimu, pole, nitalipa. Hapo akakasirika zaidi. Kulipa ni kukiri! Alikuwa amekwisha kuuliza watu: faini ya namna hii ukiilipa umekubali kosa, na usipokubali una haki ya kwenda mahakamani ukajitetee. Basi yeye anataka mahakama. Asimame mbele ya hakimu, aonyeshe mkongojo, jina lake lisafishwe.

Wazo si baya, mpaka uanze kupiga hesabu. Nauli ya Mbale kuja Kampala ni yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekosewa. Kulala ni kwangu, na mke wangu hawezi kumpa Mwalimu mkuu maharage, lazima kuku. Kurudi ni nauli tena. Kesi ikiahirishwa, na nani hapa amewahi kuiona kesi isiyoahirishwa, tunaanza upya na kuku mwingine. Halafu kuna jambo dogo ambalo Mwalimu hakulifikiria: hakimu akimwuliza, "Mzee, kama si wewe, ni nani aliyekuwa kwenye usukani?" unadhani mtu aliyefundisha watoto wasiseme uongo atajibu nini? Atanyoosha mkongojo mpaka benchi ya nyuma, niliko mimi.

Na muda ulikuwa hausubiri. Zilikuwa saa 72 za kulipa, ukichelewa deni linapanda. Saa 72! Mimi kuchagua rangi ya kupaka choo kulichukua zaidi ya hapo.

Nikampigia binamu yangu Manchester, maana watu wa ng'ambo faini wanazijua kama sisi tunavyojua mashimo. Nikamkuta naye analia. Kapigwa na kamera kwa kuingia kwenye njia ya mabasi. Mke wangu, Mama Zaituni, alikuwa anasikiliza, simu iko kwenye spika, akauliza ni njia gani hiyo. Nikamweleza: barabara imechorwa mstari, upande mmoja wanapita mabasi peke yao.

"Na basi likiwa halipo?"

"Inakaa wazi."

"Wazi hivyo hivyo? Na watu wako kwenye jamu pembeni wanaiangalia?"

"Wanaiangalia."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema hao watu wanahitaji maombi. Ilete Kampala njia kama hiyo. Ikifika saa tatu asubuhi ina bodaboda wa kwenda, bodaboda wa kurudi, mama wa nyanya, na taksi imeegeshwa katikati kondakta anaita "Ntinda, Ntinda, wawili tu!" huku ndani hamna hata mmoja. Mabasi ya njia zao wenyewe hapa tumeyasikia kwenye mipango tangu Zaituni hajazaliwa, na sasa Zaituni anataka simu yake mwenyewe.

Binamu akanieleza mambo yao. Huko Manchester faini ya njia ya mabasi ni pauni 70, lakini ukilipa ndani ya siku 21 unalipa nusu, 35. Mimi nikaishika kalamu hapo hapo. Pauni 35 kwa shilingi zetu haifiki laki mbili! Mtu anayeishi kwa mzungu, anayetutumia picha za theluji na koti jipya, amekosea akalipa kidogo kuliko mimi niliyekuwa nakwenda kanisani. Nikamwambia lipa upesi, ndugu yangu, ushukuru Mungu, hiyo ni ofa.

Hataki. Anasema kibao cha kuonya kilifunikwa na matawi ya mti, kaenda kukipiga picha, kaandika barua ya kupinga. Nikamwuliza wakili anamlipa nani. Akacheka. Huko unaandika mwenyewe halmashauri. Wakikataa, unakwenda kwenye baraza huru la kusikiliza rufaa za faini, bure, huhitaji hata kutoka nyumbani. Bure! Mimi rufaa yangu ilikuwa na nauli na kuku.

Ila nilimbana: na hiyo nusu bei inakungoja mpaka umalize kubishana? Hapo akaanza kukohoa. Halmashauri ikikataa barua yake ya kwanza inaweza kumrudishia nafasi ya kulipa nusu, wengi hufanya hivyo, lakini akipanda mpaka kwenye baraza akashindwa, anailipa nzima, zote 70. Hapo ndipo nilipowaelewa wazungu. Ile nusu bei si huruma. Ni pesa ya kukufunga mdomo. Wanakuambia, tunajua una neno, sasa neno lako linauzwa pauni 35, unauza au huuzi? Watu wengi tunauza. Binamu hauzi, lakini yeye tangu utoto ni mbishi, aliwahi kugombana na kondakta wa Busia juu ya chenji mpaka gari likamwacha Bugiri.

Nikarudi kwangu. Kwangu hakukuwa na nusu bei, kulikuwa na nzima na inayopanda. Kelele zangu zote nilizokuwa nazo tayari, kwamba alama ya 30 pale iko nyuma ya bango la mhubiri, kwamba mbele yangu kulikuwa na lori linakimbia kuliko mimi, zikawa hazina pa kwenda. Nikampigia Mwalimu usiku, nikamwambia kwa heshima zote, Mwalimu, tulipe, tuyamalize.

Kimya. Nikasikia redio yake kwa mbali. Kisha akasema, "Nimekwisha kulipa."

Kumbe mwanawe alimwambia deni litaongezeka, na Mwalimu ana hofu ya deni kuliko aibu. Kalipa laki mbili zake mwenyewe, kwa simu, jioni ile ile. Mimi machozi yakanilengalenga. Nikamwambia Mungu akubariki, nitakurudishia mwisho wa mwezi. Akasema hapana, kijana wangu, usihangaike, mimi sina shida na pesa hiyo.

Mtu mzima akikusamehe laki mbili bila kuhema, kaa chini.

"Lakini nimetafakari," akaendelea. "Serikali imeniandikia mimi. Faini nimelipa mimi. Kumbe gari bado ni langu kidogo." Jumamosi binti yake ana kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, wageni wanatoka mbali, na jamaa aliyemwahidi gari amemwangusha. Analihitaji kwa siku chache tu. Likiwa safi. Na tangi likiwa limejaa, kwa sababu lilipotoka kwake lilikuwa limejaa.

Mpwa wake alikuja kulichukua, kijana wa kofia ya mgongo-mbele na miwani ya jua saa kumi na mbili asubuhi. Aliwasha injini akaikanyaga papo hapo getini, vruum, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Nikamkumbusha: kijana, barabara ya Jinja ina kamera. Akanijibu hana wasiwasi, logbuku ina jina la mjomba.

Mimi sasa niko kwenye taksi Nakawa, goti la jirani liko kwenye mbavu zangu, kondakta ameweka chenji yangu sikioni mwake. Mwalimu akinipigia tena wiki hii, niko shambani, mtandao unakatika.