Tunapowaambia vijana wajitume, tuwaambie pia nani alitulipia

Kuna ujumbe unaozunguka sana kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na mara nyingi anayeutuma ni mwenzetu wa huku Ulaya: vijana wa Bongo wanalalamika mno, fursa zimejaa, vyuo vya Ujerumani havina ada, wajitume tu. Mimi naishi Ujerumani, nilikuja kwa njia hiyo hiyo ya masomo, na ujumbe huo unaniuma kila ninapouona. Anayeutuma anasema nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoamua nani atapanda ndege.

Ni kweli, vyuo vikuu vingi vya serikali hapa havitozi ada. Lakini ili upate viza ya masomo lazima uonyeshe kwamba una fedha za kujikimu mwaka mzima. Wengi wetu tunafungua akaunti maalumu, fedha zote zinawekwa humo kabla hujasafiri, kisha ukishafika unaruhusiwa kutoa sehemu yako ya mwezi tu. Tangu Septemba 2024 kinachotakiwa ni euro 11,904. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Mtumishi wa kima hicho, akiweka mshahara wote pembeni, asile, asilipe kodi ya nyumba, asimtumie mama yake hata senti, atamaliza miaka mitano hajafika. Na huyo ana ajira ya serikali. Muuza vitumbua wa Mbagala hatujamgusa, wala mkulima wa mahindi kule Songea.

Mimi nilizipataje? Baba aliuza kiwanja Bunju, baba mdogo akaongezea, shangazi akakopa SACCOS. Kusoma nilisoma kweli, usiku na mchana, na sitaki mtu aninyang'anye hilo. Ila bidii yangu ilikuwa na kiwanja nyuma yake.

Na mambo hayakuanzia kwenye kiwanja. Nilisoma shule ya msingi ya English medium, kwa hiyo nilipoingia sekondari, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, kwangu ilikuwa kuendelea tu. Wenzangu waliotoka shule za msingi za serikali walikuwa wamefundishwa kila kitu kwa Kiswahili miaka saba. Kulikuwa na kijana aliyetushinda sote kwa hesabu za kichwa, na kidato cha kwanza chote alikaa kimya nyuma ya darasa, walimu wakamwona mzito. Serikali imeondoa ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na mwaka 2022 ikaongeza cha tano na cha sita. Hatua hiyo ni kubwa na naipongeza kwa moyo wote. Kijana yule, hata bila ada, angekaa kimya vile vile.

Halafu kuna jioni. Nyumbani nilikuwa na meza, umeme, na saa tatu nzima za kujisomea bila kutumwa popote. Saa hizo alinipa dada wa kazi. Alitoka Iringa, alinizidi miaka miwili tu, na shule yake iliishia darasa la saba. Mimi nikifanya maswali ya fizikia, yeye anasonga ugali, anafua sare zangu, analala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Alikuwa na kichwa chepesi ajabu. Nikikariri kwa sauti sebuleni, yeye yuko jikoni, na nikikosea ananisahihisha kutoka huko huko. Kila nikisikia mtu anasema aliyefanikiwa ni aliyejituma, namkumbuka yeye.

Huku Ujerumani ngazi hiyo ya upendeleo naiona kutoka chini. Niliandika barua pepe kuulizia chumba, nikaambiwa kimeshachukuliwa. Rafiki yangu Mjerumani akauliza chumba kile kile jioni hiyo hiyo, akaitwa kwenda kukiona. Sheria ya kuzuia ubaguzi wa namna hiyo ipo tangu 2006. Rafiki yangu alishtuka kwelikweli, maana jina lake halijawahi kumfungia mlango.

Hata Wajerumani wenyewe hawaanzi sawa. Katika majimbo mengi watoto hutenganishwa baada ya darasa la nne tu, wengine wakaelekea kwenye shule za kuandaa chuo kikuu, na watoto wa wasomi ndio wanaojaa huko. Matokeo ya mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2000 yaliishtua nchi nzima kwa hilo. Lakini mtoto wa dereva wa basi akifika chuoni ana msaada wa serikali uitwao BAföG, ulioanza 1971: kwa kawaida nusu ni ruzuku, nusu ni mkopo usio na riba, na akitimiza masharti anaupata kwa haki ya kisheria. Natamani sana Bodi ya Mikopo yetu ifike hapo.

Siku hizi kijana akiniuliza nilifikaje huku, namtajia yote: kiwanja, shangazi, English medium, dada. Kisha namweleza kwamba mwenye ufadhili kamili, kama ule wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, hahitaji ile akaunti, kwa sababu barua ya ufadhili inatosha kuthibitisha fedha. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, hilo nalo namwambia waziwazi, halafu tunakaa pamoja kwenye simu tunapitia barua yake ya maombi.