Pointer mmoja katika ukoo wa Dalmatian

Wafugaji wa mbwa wa mbegu safi wana hoja isiyofaa kubezwa: daftari la ukoo likifungwa, lisipokee damu ya nje, unajua unapandisha nini. Unajua babu alikufa kwa moyo, shangazi alikuwa na nyonga mbovu, na dume fulani, hata awe na vikombe kabati zima, hapandishwi tena. Anayechanganya damu kiholela hana kumbukumbu hizo, na chotara naye huumwa nyonga.

Lakini daftari husaidia iwapo ndani yake yumo mzima wa kuchaguliwa. Kwa Dalmatian, mbwa wale weupe wenye madoa, hakuwemo. Hitilafu ya jeni inayoujaza mkojo asidi ya yuriki, ambayo huweza kuganda ikawa mawe, ilikuwa imewaenea Dalmatian wote wa mbegu safi, kwa baba na kwa mama. Pekua vizazi upendavyo, kila jina lina kasoro ileile. Si wote wanaougua, ni kweli. Mara nyingi huwa dume, maana njia yake ya mkojo ni nyembamba na hupita kwenye mfupa usiotanuka. Utamwona ananyanyua mguu, anasubiri, matone mawili, anahamia mti mwingine, anasubiri tena. Jiwe likiziba kabisa, asipowahiwa anakufa.

Mwaka 1973 huko Marekani, mtaalamu wa jenetiki Robert Schaible alimpandisha Dalmatian na Pointer, mbwa wa kuwindia, mara moja tu, kisha kila kizazi akarudi kwa Dalmatian, akibakiza waliorithi jeni nzima. Ukiwa na nakala moja nzima, inatosha. Sasa tupige hesabu. Kizazi cha kwanza damu ya Pointer ni nusu, cha pili robo, cha tatu thumuni. Kufika cha 10, kwa wastani, haifiki asilimia 0.1. Kwa tone hilo watu walivutana miaka 30! American Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa mbegu safi Marekani, iliwasajili wawili wa uzao huo mwaka 1981, wenye Dalmatian wakapinga, usajili ukasimamishwa, ukaja kuruhusiwa 2011. Ililalamikiwa, pamoja na mengine, kwamba madoa hayakukolea vizuri. Madoa! Na dume yule bado yuko pale mtini.

Hofu ya kuingiza maradhi ya nje, hiyo naielewa. Pointer ana yake pia. Ila tazama kazi yenyewe ilivyofanyika: kila mtoto kupimwa, kila mzazi kuandikwa, kizazi baada ya kizazi. Aliyeitwa mharibifu wa ukoo ndiye aliyeusoma kwa makini kuliko walinzi wake.

Na Pointer yule hakutibu kila kitu. Uziwi, ambao kwa Dalmatian unahusiana na weupe wa manyoya yao, haukuguswa. Hata kwenye uzao wenye mkojo safi, watoto bado hupimwa masikio mmoja mmoja kabla ya kutengwa na mama yao.