La mwisho halina mwenyewe

Jamani mi nimeoa Sweden, tunakaa hapa Göteborg, na wala sina ugomvi na baridi, baridi ukivaa koti yameisha. Ugomvi wangu ni jiko la mama mkwe. Kwanza ananiambia nimwite kwa jina lake, kavu kavu hivyo, mi mtoto wa Tanga namuitaje mkwe kwa jina, namuita mama na anazoea tu.

Alhamisi ni supu ya njegere za manjano, ikifuatiwa na chapati maji na jamu. Siku moja nikauliza kwani tukila Jumatano kuna kesi, akanitazama kama nimetukana ukoo. Halafu zile köttbullar, vile vidonge vya nyama, viazi na mchuzi mweupe vipo, unajiandaa, pembeni wanakupakulia jamu. Na nyama! Hapo bado nilinyamaza.

Sasa tarehe 4 Oktoba hawa wenzetu wana siku ya kanelbullar, yale maandazi yao ya mdalasini yaliyosokotwa kama kilemba, nikasema leo nitasaidia, iliki naijua tangu tumboni. Na kwenye iliki nawavulia kofia, wanaitwanga mbichi mbichi na kuimwaga kuliko hata bibi yangu. Ila kupima sasa! Bibi alikanda kwa jicho, huku unga kwa desilita na unafutwa juu na kisu, maziwa lazima yawe nyuzi 37, mama mkwe kayachomeka kipimajoto, nikamwambia mama hayana homa hayo. Hakucheka.

Yakaiva, nyumba nzima inanukia Idd. Tukakaa kwenye fika, ndo wanavyoita kikao chao cha kahawa na kitafunio, kahawa nyeusi ya kukutoa macho, mi nikala mawili nikajizuia, ukweni huko. Mara sahani imebaki na moja na sisi tupo sita. Hakuna anayeligusa, wote wanaongelea mvua. Nikanyoosha mkono, mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Kumbe la mwisho haliliwi, linakatwa. Shemeji akachukua nusu akaacha nusu, mdogo wake akakata nusu ya ile nusu, mke wangu naye akajimegea, yani kila mtu anaacha kidogo kwa heshima, mpaka kikabaki kitu kama kifungo cha shati, mama mkwe akakifunika vizuri akakitia kwenye friji. Kwenye friji!

Saa nane usiku usingizi hauji, kifungo kinaniita. Nikashuka kwa ncha za vidole, nafika jikoni taa ya friji inawaka, baba mkwe huyo na pajama lake, kisu mkononi, anakikata katikati.

Hakusema neno. Akanisogezea nusu yangu.