Baleti kwa watoto: mzazi anayesita naye asikilizwe

Kila panapozuka mazungumzo ya mtoto mwenye kipaji cha dansi, mzazi anayesita ndiye hulaumiwa. Ataambiwa haoni mbali, anaua kipaji, anataka kila mtoto awe daktari au mhasibu. Mazungumzo ya aina hii yameongezeka Dodoma kadiri mji unavyojaa watumishi wa serikali na familia zao, na hasa baada ya sera mpya ya elimu, iliyozinduliwa hapa hapa mwaka 2025, kuipa sanaa nafasi ndani ya mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, wa sekondari. Hoja ya wanaotaka mtoto aanze baleti mapema nitaieleza kwa haki, maana ina uzito. Lakini naandika kwa sababu ya yule mzazi mwingine, anayehukumiwa kabla hajasikilizwa.

Anayetetea kuanza mapema huanzia kwenye mwili. Baleti inataka mguu mzima ugeukie nje kuanzia kwenye nyonga, goti na unyayo vikifuata. Mifupa ikishakomaa, kazi hiyo haifanyiki tena kwa ukamilifu. Ndiyo maana chuo cha Vaganova cha St. Petersburg huchukua watoto wa miaka 10 na kukaa nao miaka 8, na shule ya Royal Ballet ya London huwapokea wakiwa na miaka 11, wengi wao wakiishi bweni. Kwetu, TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, ambayo ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, hupokea vijana waliokwisha kumaliza kidato cha nne. Kwa umri huo, mwenzao wa Urusi anakaribia kuhitimu. Kwa hiyo anayesema kwamba tukisubiri tutabaki watazamaji hasemi uongo.

Na mifano anayo. Joel Kioko alikulia Kuwinda, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, akafika kusoma English National Ballet School huko London. Michaela DePrince, yatima wa vita vya Sierra Leone, alipanda hadi kucheza Dutch National Ballet, kundi la baleti la taifa la Uholanzi, kabla ya kufariki mwaka 2024 akiwa na miaka 29. Watu hawa hawakuwa na mjomba wa kuwashika mkono. Walichokuwa nacho ni mazoezi na watu waliowaamini.

Wanaotetea kuanza mapema wana hoja nyingine inayotugusa pabaya zaidi. Wanauliza: ninyi mnaoogopa shinikizo la baleti, mbona watoto wa halaiki hufanya mazoezi juani kwa wiki kadhaa kabla ya sherehe za kitaifa na hamsemi neno? Mbona mtoto wa darasa la saba anawekwa kambi, anaamshwa alfajiri kujibu mitihani ya majaribio, nanyi mnachangia fedha ya uji? Swali hili ni halali. Hatuna ushujaa wowote wa kumlinda mtoto dhidi ya shinikizo lililozoeleka, na hilo tunapaswa kulirekebisha kwa hizo kambi zetu pia.

Sasa niende kwa mzazi. Mama mmoja anayeuza nafaka Majengo, hapa Dodoma, amesemwa sana na ndugu wa mumewe. Binti yake yuko darasa la sita, ana miaka 12, na amekuwa akifundishwa na mwalimu ambaye hamtozi ada. Mwalimu akasema mtoto ana mwili wa baleti, aende Nairobi akafundishwe kila siku, akae na familia ya huko. Mama akajibu kwamba mtoto amalize kwanza darasa la saba. Shemeji yake akamwambia anamzibia mtoto riziki. Nilipopita kwake jioni, binti alikuwa kwenye mkeka kibarazani, mguu mmoja ndani ya beseni la maji ya chumvi. Ukucha wa dole gumba ulikuwa mweusi, umeanza kuachia, na kisigino kilikuwa na plasta mbili zilizopishana. Hilo halikumsumbua mama. Amelea watoto, vidonda vya miguu anavijua. Kilichomsumbua alinionyesha kwa macho tu lilipoletwa sinia la ugali wa uwele na mlenda. Mtoto alimega matonge mawili, akanawa, akasema ameshiba. Baadaye mama alinieleza kwamba ameanza kushiba hivyo tangu mwalimu alipomsifia mwenzake mbele ya darasa kwa wembamba wake.

Hapo pa kunawa baada ya matonge mawili ndipo mjadala huu ulipopaswa kukaa, na ndipo wengi wanapopita haraka. Mwaka 2014 zilichapishwa hesabu zilizojumlisha tafiti 33, za tangu mwaka 1966 hadi 2013, kuhusu matatizo ya ulaji kwa wacheza dansi. Kwa wacheza dansi wote, waliokuwa na matatizo hayo walikuwa asilimia 12. Kwa wa baleti peke yao, asilimia 16.4. Hatari ya mcheza dansi ilionekana kuwa kama mara tatu ya watu wengine. Asilimia ni rahisi kuisikia na kuisahau, basi tuilete darasani. Wachezaji 25 wamejipanga mbele ya kioo: wanne kati yao wanaumwa. Si kwamba wanachagua chakula au wana maringo ya ujana. Wana maradhi ambayo daktari anayatambua na kuyaandika kwenye faili, ya kujinyima mpaka mwili unaanza kujila, au ya kula na kwenda kujitapisha kwa siri. Chukulia shule ya msingi hapa Dodoma ambayo katika kila darasa la watoto 25, wanne wanaugua ugonjwa mmoja. Wazazi wangeifunga wenyewe kabla ofisi ya elimu haijafika.

Najua jibu linalotolewa: kwamba msichana mwenye tabia ya kujibana ndiye anayevutwa na baleti, kwa hiyo baleti haijamfanya kitu. Kwa baadhi huenda ni kweli. Lakini mtoto anayeingia akiwa na miaka 10 au 11 hajawa na tabia yoyote iliyokamilika; anafinyangwa na wanaomzunguka. Na tafiti zilizochukua karibu nusu karne, kwa walimu na shule tofauti, haziwezi kufutwa kwa kumtaja mwalimu mmoja mkorofi.

Tena shule zenye majina makubwa hazikusalimika. Mwaka 2019 gazeti moja la Austria lilifichua yaliyokuwa yakitendeka katika chuo cha baleti cha Opera ya Taifa ya Vienna. Tume iliyoundwa kuchunguza ikaeleza, Desemba mwaka huo, kwamba watoto walishauriwa kuvuta sigara ili wasipate hamu ya kula. Chuo hicho kiko katika nchi tajiri, yenye sheria, madaktari na waandishi wa habari, na bado mambo hayo yalifanyika chini ya pua za watu wazima. Mama wa Majengo anaulizwa kwa nini hamwamini mtu asiyemjua, katika mji asioujua. Mimi nauliza angemwamini kwa msingi gani.

Njaa hiyo ina njia yake mwilini. Msichana anayefanya mazoezi makali bila chakula cha kutosha, mwili huanza kubana matumizi. Hedhi husimama, au haianzi kabisa kwa umri wake. Homoni zikishuka, mifupa hukosa uimara wakati ule ule inapopaswa kuujenga, na mazoezi ya kuruka huitia nyufa ndogo ndogo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii mwaka 2014, ikieleza kwamba huwapata wavulana pia. Mifupa ya mtu hujengwa zaidi ujanani. Akiipoteza nafasi hiyo akiwa na miaka 14, deni lake atalilipa akiwa bibi.

Wapo watakaosema haya ni ya Ulaya, na mtoto wa Kigogo hawezi kujinyima ugali. Anaweza. Kioo ni kile kile, sifa ni zile zile, na simu ya mama imejaa picha zile zile. Kinachoongezeka kwetu ni kwamba tunaanzia chini zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ugogo inasimuliwa hadi leo Mtunya, njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, pale majeshi ya vita vya Wajerumani na Waingereza yalipochukua nafaka, ng'ombe na vijana, kisha mvua nazo zikakosekana. Katika familia zilizorithi simulizi hiyo, mtoto kukataa chakula ni jambo la kuitisha kikao. Kwa hofu hiyo ya mama, naona elimu ya afya ya vizazi vitatu au vinne, iliyopatikana kwa gharama kubwa. Kuiita ushamba ni dhuluma.

Sitaki nieleweke kwamba mila zetu zimeitunza miili ya wasichana na ya wageni ndiyo inayoiumiza. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na asilimia 47 ya wanawake waliokeketwa kwa takwimu za mwaka 2015/16, miaka mingi baada ya sheria kulikataza jambo hilo kwa watoto. Shinikizo la kumtaka msichana auweke mwili wake chini ya matakwa ya wengine tunalijua vizuri. Ndiyo sababu tusilipokee kwa sura nyingine.

Ila kwenye ngoma yenyewe, Ugogo ina jambo la kufundisha. Nenda Chamwino kwenye Tamasha la Muziki wa Cigogo, utawaona wanawake wakipiga muheme, ngoma wameibana katikati ya miguu, na wasichana wa shule wakiwa pembeni ya mama na shangazi zao. Mtoto anaingia mstarini akiwa bado anakosea. Bibi mwenye mwili mpana anacheza karibu naye na watu wanamshangilia. Hukwe Zawose, aliyetoka huku huku Dodoma na kufundisha Bagamoyo, aliufikisha muziki wa Kigogo kwenye majukwaa ya Ulaya akiwa mtu mzima kabisa, na aliendelea hadi kifo chake mwaka 2003. Kwenye Opera ya Paris, ambayo shule yake ya dansi ilianza mwaka 1713, mchezaji hustaafu akiwa na miaka 42, na wengi katika fani hiyo huacha mapema zaidi. Mzazi anayeuliza mtoto atafanya nini baada ya hapo anauliza jambo la msingi.

Ukali wa mazoezi peke yake siupingi. Mtoto anayesahihishwa mguu mara hamsini mpaka ukae sawa hajaonewa. Anayechezeshwa kwenye sakafu ya saruji na mtu asiyejua kusahihisha ndiye yuko hatarini zaidi. Tatizo langu ni kumtoa mtoto nyumbani akiwa na miaka 11 au 12, na kumwachia mtu mmoja mamlaka juu ya mwili wake, sahani yake na ndoto yake kwa pamoja. Serikali yenyewe mwaka 2023 ilisitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa kuona kwamba mtoto mdogo anahitaji kulelewa na wazazi wake. Wa darasa la sita amepita mstari huo kwa miaka miwili tu. Na kuchelewa si kufa: Misty Copeland alianza baleti akiwa na miaka 13, na mwaka 2015 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza wa kike kupata cheo cha juu kabisa cha mchezaji katika American Ballet Theatre, kundi kubwa la baleti la Marekani.

Kwa hiyo naona mama wa Majengo yuko sahihi, na muda anaoutaka ni mdogo. Binti aendelee na mwalimu wake hapa, alale nyumbani, afanye mtihani wa darasa la saba. Mwalimu naye aambiwe waziwazi kwamba habari za wembamba zisitajwe tena mbele ya watoto. Ikifika zamu ya Nairobi, mama apewe majibu kabla ya nauli: nani atapika, nani atampima uzito na kwa sababu gani, akivunjika mguu atatibiwa na nani, masomo ya sekondari atayapata wapi, na siku akisema amechoka atarudishwa nyumbani bila kuitwa mwoga. Mwalimu mwenye nia njema hatakasirika kuulizwa hayo. Na shemeji, kama kweli anaijali riziki ya mtoto, aanze kwa kuketi naye kwenye sinia jioni na kuangalia anakula matonge mangapi.