Glavu ya Kushoto

Nimeingia ndani sasa hivi. Soksi nimezikamua kwenye sinki, zimetoa maji ya kutosha kuchemshia chai ya watu wawili. Glavu niliyobaki nayo ni moja, ya kulia. Ya kushoto iko huko nje mahali, au imekwishavuka milima na inaelekea Uingereza bila viza. Kwa upepo wa leo sitashangaa.

Haya yote kaniletea daktari. "Tembea asubuhi," kasema, "upate mwanga." Mwanga upi? Sisi saa tunazihesabu kwa jua: likitoka, muda si mrefu ni saa moja, mtu anajua aliposimama. Sasa njooni Aberystwyth, huku pwani ya Wales, mwezi Januari. Saa moja asubuhi ni giza la kugongana na wachawi wanaorudi kazini. Saa mbili bado. Saa mbili na robo ndiyo jua linatoka, tena kwa mlango wa nyuma, kule milimani, kama mtu aliyechelewa kipindi. Saa kumi na robo jioni limeshaaga. Mama akinipigia akauliza saa ngapi huko, nasema saa mbili. "Ya asubuhi au ya usiku?" Nachungulia dirishani. Siwezi kumhakikishia.

Na mama mwenyewe nilimtumia picha ya bahari, kosa langu. "Kumbe ni kama Tanga, mwanangu! Unaogelea kila siku?" Siogelei, mama. Wapo mabibi wa umri wako wanaoingia majini mwezi huu huu kwa hiari yao, wanatoka rangi ya kamba aliyechemshwa, wanacheka. Mimi nikiwatazama tu magoti yanagongana. Yale mafuta ya nazi uliyonipa nijipake yamegeuka mshumaa. Nayachimba kwa kijiko.

Mwamvuli sitauzungumzia. Ni wa tatu.

Upepo lakini nitauzungumzia. Upepo niliokulia una adabu: kaskazi ina miezi yake, kusi ina miezi yake, wavuvi wanapanga maisha. Huu wa huku unakupiga usoni ukienda, ukigeuka kurudi unakuta nao umegeuka.

Basi leo nilikuwa na mpango wa heshima. Nimeshuka kilima cha Penglais taratibu, maana barabarani wenyewe wameandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, ARAF. Siku ya kwanza nilidhani ni jina la sura ya Kurani, nikawaheshimu sana wenyeji. Kumbe ni Kiwelshi, maana yake polepole. Nikafika gatini, nikashika njia ya ufukweni, mikono nyuma kama diwani anayekagua mitaro, hadi mwisho wa kaskazini chini ya Constitution Hill. Zimebaki kama hatua kumi, wimbi likapanda ukuta, likamwaga kokoto mbele yangu, krrr, kama mchele wenye mawe ukimiminwa kwenye ungo. Nikasema basi, daktari hakupima kwa futi kamba. Nikageuka zangu, bila haraka, kama balozi aliyekumbuka kikao.

"Hujakipiga."

Mzee wa koti la njano, na kimbwa chenye miguu mifupi. Mimi na mbwa tuna makubaliano ya kukaa mbalimbali, lakini huyu hakuyasaini.

"Sijapiga nini, mzee wangu?"

"Chuma. Huwezi kufika hapa ukarudi bila kukipiga teke."

Ni desturi yao. Njia inaishia kwenye vyuma vya ukingo, na mtu hajatembea mpaka avipige kwa mguu. Wanafunzi wamefanya hivyo kizazi baada ya kizazi, na chuo chenyewe ni cha 1872, kwa hiyo fikirieni ni vidole vingapi vya miguu vimeumia. Nikamwuliza sababu yake ni nini. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini watu hula. "Watu hupiga," akasema.

Mgeni hana ubishi. Nikarudi, nikatazama wimbi, nikarusha mguu, nikaruka nyuma.

"Hukugusa."

"Nimegusa, mzee."

"Mbwa hakusikia. Kikilia huwa anatikisa mkia."

Nikamtazama shahidi. Mkia umetulia kabisa, macho yananihukumu. Na miwani yangu imeshaingia ukungu wa chumvi, nikavua glavu ya kushoto niifute kwa kidole, glavu nikaibana kwapani. Nikasogea. Safari hii nikapiga teke la mtu mwenye madeni. Chuma kikalia ngaaa, kidole gumba kikalia ndani ya kiatu, mkia ukatikisika, na wimbi, ambalo nadhani nalo lilikuwa linasubiri ile sauti, likapanda ukuta likaniangukia lote.

Yeye kasimama hatua nne nyuma, mkavu. "Ukishapiga unaondoka haraka," akasema. Sasa ndiyo ananiambia! Mbwa akajikung'uta maji ambayo hata hayakuwa yake, yakaja kwangu. Halafu mzee akashika hadithi ya dhoruba ya Januari 2014: jinsi bahari ilivyopanda mjini, ikang'oa mawe ya njia hii hii, wanafunzi wa mabweni ya ufukweni wakahamishwa, kile kibanda cha kupumzikia kikatitia. Anaisimulia kwa fahari, utadhani yeye ndiye aliyeialika.

"Mzee wangu, natetemeka."

"Leo si baridi. Ngoja uje upepo wa mashariki."

Hapo udiwani ukanitoka. Jamani, nimechoka. Nimechoka kuvaa nguo saba kwenda kununua maziwa. Nimechoka kuketi na koti chumbani nikiitazama mita ya umeme kama naitazama taarifa ya msiba. Ngozi ya mikono imepasuka, nikishika limau napiga kelele. Nikiuliza itaisha lini, wanasema Machi, halafu wanatazamana.

Nimemwambia hayo yote, kwa Kiswahili. Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, akasema, "Ndiyo, upepo."

Kurudi ndipo nagundua kwapani hamna kitu. Huku glavu ikiokotwa haiibiwi, inavikwa kwenye ncha ya uzio, vidole juu, kama inaapa mahakamani. Nikakagua vyuma vyote mpaka gatini. Nikaiona! Nyeusi, kama yangu, nikaikimbilia kwa kuchechemea. Ya kulia. Kwa hiyo katika mji huu yupo mtu anayetembea na glavu moja ya kushoto, na mimi nina moja ya kulia, na kati yetu ipo nyingine ya kulia inaapa peke yake. Nimeiacha. Shakwe mmoja alikuwa anaitazama pia, wamalizane.

Nina kipindi saa tatu. Soksi ziko kwenye hita, zinatoa mvuke na harufu ya dagaa, na mwenzangu wa chumba cha pili ameshagonga ukuta kuuliza napika nini.

Halafu wakati naagana na yule mzee aliniuliza, "Kesho?" Mdomo huu, sijui nani aliupa ruhusa, ukajibu inshallah.