Mikanda Yangu na Barafu za Mama Neema

Jamani, mtu anayeishi Moshi halafu akapenda kupiga picha za mkanda, ile filamu ya kamera za zamani, ana kesi ya kujibu kwa mkewe. Mimi ninayo, na inasikilizwa kila siku mbele ya friji.

Mkanda hautaki joto. Zile chembe zenye madini ya fedha zinazonasa mwanga, zikikaa kwenye joto zinaharibika taratibu hata kabla hujafyatua. Ukisafisha picha unakuta ukungu, na pale penye weusi pamepauka. Nyeusi na nyeupe angalau inavumilia. Ya rangi ndiyo balaa! Ina matabaka matatu, na kila moja linazeeka kwa mwendo wake, bibi harusi wa watu anatoka uso wa zambarau. Utawaambia nini wakwe?

Kodak wanataka mikanda yao ya kitaalamu ikae nyuzi 13 au chini ya hapo. Nyuzi 13, Moshi, mwezi wa pili! Wenzetu wa Arusha wapo juu huko karibu mita 1,400, wanapulizwa na upepo wa Meru. Sisi barafu tunaiangalia tu pale Kibo, haishuki hata kusalimia.

Kwa hiyo friji. Na friji ya kwetu ni duka la mke wangu, Mama Neema: barafu za ubuyu, barafu za ukwaju, mia mia. "Shikamoo baba, naomba mbili." Marahaba, mlango wazi. Hajaondoka, kaja mwingine, huyo hajui hata anataka ya rangi gani, anasimama kuchagua na joto lote la Majengo linaingia. Vikopo vyangu vya mikanda vimesukumwa mpaka droo ya mboga, vimelala na nyanya chungu. Umeme ukikatika, mtaa mzima unampa pole yeye.

Ukishapiga picha ndiyo usicheleweshe kabisa, maana taswira iliyonaswa nayo inafifia mkanda ukikaa kwenye joto. Basi nikautuma wangu kwa basi ukasafishwe. Dereva, kwa heshima zote, akaiweka bahasha juu ya injini "isipotee".

Na ukiutoa kwenye friji usiufungue hapo hapo, unyevu wa hewani utatua juu yake uwe maji. Unasubiri kama saa moja, wa friza zaidi. Juzi mteja kavaa suti, jasho linamtiririka:

"Mpiga picha, tunasubiri nini?"

"Mkanda upate joto kidogo, mzee."

"Si ulisema joto ndilo linaharibu?"

Mama Neema alikuwa pale, akacheka mpaka akakaa chini. Jioni akatangaza kodi ya droo: kila kikopo kwa siku, bei ya barafu moja. Na hakopeshi.